Foleni Haina Pua

Foleni haina pua. Nimesema, na sirudi nyuma. Cheka, Shani, cheka tu, hata mimi nilipokuwa na meno yangu yote nilicheka hivyo hivyo. Na wewe Hemedi, shika huo ungo vizuri, mchele unamwagika.

Aliyeanza ni nani, si nyinyi? Shani kaja hapa na kikopo chake cha mafuta ya uso, kakifungua, kakinusa, kakunja uso mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kasema, "Bibi, kinanuka kama dawa ya kusafishia vyoo." Nikamwambia basi mrudishie mwenyewe. Akanionyesha simu: maelfu ya watu wameshanunua, wengine wamepiga picha na nyuso zao, vimebaki vichache, kesho hakuna. "Watu wote hawa, Bibi, hawawezi kuwa wajinga." Ndipo nikasema nilivyosema, na nyinyi mkaona Bibi kazeeka, anatunga maneno.

Sikuyatunga mimi. Aliyeyasema namjua, aliposemea napajua, na nilikuwapo, niliona kwa macho yangu. Mmeuliza yalianzaje, sasa sikilizeni, na msije kuniambia baadaye kwamba nimewaharibia usingizi.

Ilikuwa miaka ile ya shida ya vitu. Sabuni hakuna, chumvi ya kuvizia, khanga unaisikia kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeolewa si siku nyingi na babu yenu, mkata mkonge, na tulikaa kambi ya Mtakuja, ndani kabisa ya mashamba, mbali na barabara ya Korogwe. Nyumba zilikuwa za udongo na nyasi, zimepangwa mistari, paa la huyu linagusa paa la yule. Mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Tulikaa nyumba moja na mama mkwe wangu, Bi Mashavu. Mwanamke mkavu, mfupi, asiyependa maneno mengi, na mimi naongea kama nilivyo, kwa hiyo mwaka wa kwanza tulivumiliana tu.

Katika miaka hiyo sisi hatukununua vitu, tulipanga foleni. Ukiona watu wamesimama, unaingia kwanza nyuma, ndipo unamuuliza wa mbele yako, "Kinauzwa nini?" Na yeye mara nyingi hajui. Usinicheke, Hemedi. Nimewahi kusimama tangu asubuhi na kumbe nilikuwa kwenye foleni ya chanjo ya mbwa.

Lakini nani angeweza kusimama kutwa nzima na ana kazi? Kwa hiyo tuliweka mawe. Unasikia gari la kitu fulani linakuja, unachukua jiwe lako, unaliweka kwenye mstari, unakwenda zako shambani. Mwingine anaweka galoni, mwingine kipande cha tofali, mwingine ndala moja ya mguu wa kushoto. Jiwe lako ni wewe. Hakuna aliyethubutu kulitoa, ingekuwa ugomvi wa kupelekana kwa balozi wa nyumba kumi. Ukipita mchana unakuta foleni ndefu imetulia juani, na mtu mzima hata mmoja hayumo.

Sasa, mwaka huo wifi yangu Sikudhani, binti wa Bi Mashavu, alirudi kwao kujifungua uzazi wake wa kwanza. Akajaliwa mtoto wa kiume, mdogo, mwenye sauti kubwa. Kwetu kulikuwa na mila mbili, na mzishike vizuri, maana ndizo zilizotaka kutuulia watu. Ya kwanza, nyumba yenye mzazi ambaye hajatoka arobaini haikai giza. Jua likizama, taa inawaka karibu na kichwa cha mtoto, kwa kuogopa siafu na nyoka, na kwa kuogopa mengine ambayo hatuyataji. Ya pili, mtoto mchanga hatolewi nje magharibi. Hata iweje. Wakati huo ndio mabaya yanapotembea.

Na mafuta ya taa yalikuwa yamekatika Mtakuja nzima. Tulikula kabla jua halijazama, tukalala kama kuku. Bi Mashavu aliweka kuni tatu zikiwaka usiku kucha chumbani kwa mzazi, moshi ukamfanya mtoto akohoe. Kila mtoto alipokohoa, nilimwona mama mkwe anaangalia ile kandili kavu iliyoning'inia ukutani. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga ujanani mwake. Huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na aliogopa giza kuliko yeyote kati yetu.

Basi siku moja asubuhi habari ikaenea kwamba gari la mafuta linakuja. Mawe yakapangwa toka kwenye ghala hadi karibu na korona, kile kiwanda cha kuchania mkonge. Bi Mashavu aliweka lake, jiwe jeusi lenye ufa, kisha akakaa karibu na kibanda cha ghala akingojea. Hakutaka kwenda mbali.

Mchana pikapu ikaingia na pipa moja nyuma. Aliyeuza alikuwa utingo, kijana mgeni, hatujawahi kumwona na hatukumwona tena. Aliruka chini, akaanza kusema kabla hata hajafungua pipa. "Akina mama, mimi nina safari. Pipa ni hili hili, likiisha limeisha, na huko nitokako hakuna tena." Akataja bei. Bei iliuma. Lakini Chausiku, jirani yetu, ambaye jiwe lake lilikuwa nyuma ya jiwe la Bi Mashavu, alisema, "Mafuta mabaya hayauzwi bei hiyo." Watu wakaitikia kwa kichwa.

Wa kwanza alikuwa nyapara wetu, Mhando. Mtu mnene, mcheshi, anayependwa. Alikuja na debe, akanunua debe zima, akaondoka nalo begani huku akiimba. Kambi nzima ilijua kwamba nyapara kanunua debe. Ilitosha. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Yaliyofuata nilielezwa na mama mkwe mwenyewe, na alinieleza mara moja tu maishani mwake. Zamu yake ilipofika alitoa chupa. Utingo akamimina kwa pupa, mafuta yakamwagikia mkono na upindo wa khanga. Na hapo akasikia harufu. Kali, inapanda puani mpaka machoni. Aliijua. Ni harufu ya tangi la trekta kuukuu la shamba, lile la petroli, siyo ya mafuta ya taa.

Akasita na chupa mkononi. Akamwangalia utingo, utingo akamwambia, "Mama, kama huhitaji pisha wenzio." Nyuma yake watu wanasukumana. Akawaza: nikisema hapa, watasema Mashavu ana visirani. Akawaza: Mhando kachukua debe, na Mhando si mtoto. Akatazama mbele na nyuma, foleni ndefu hivi, penye wengi pana Mungu. Akamwaza mtoto na ile kandili. Akaziba chupa kwa gunzi la muhindi, akaenda nyumbani.

Nilimpokea mlangoni na nilifurahi, siwafichi. Akamkabidhi Sikudhani chupa. Akamwambia, "Mwanangu, mimi na wifi yako tunakwenda mtoni. Jua likianza kushuka jaza kandili, washa. Usingoje giza." Kwa mdomo wake mwenyewe alimwambia hivyo. Kisha tukachukua ndoo, tukaondoka.

Mtoni tulimkuta Chausiku anasugua sufuria kwa mchanga. Jua lilikuwa linaelekea vilimani, na wanawake wengine walikuwa wameshapanda kurudi, wote wana haraka ya kwenda kuwasha taa. Chausiku alikuwa na furaha, anaongea kuhusu mwanawe atakavyosoma jioni. Bi Mashavu aliinama kunawa, akaingiza mkono majini. Kisha akautoa, akautazama. Akaugeuza.

Nyinyi mnaopikia gesi hamyajui mafuta ya taa. Yakikumwagikia unashinda nayo. Mkono unateleza, nguo inanuka mpaka uifue kwa sabuni, na sabuni ndiyo hiyo hatukuwa nayo. Mkono wa mama mkwe ulikuwa mkavu, umepauka kama wa mtu aliyeshika majivu. Akachukua upindo wa khanga akaunusa. Akanipa mimi ninuse. Haukuwa na kitu.

"Mafuta yaliyokuwa hapa yamekwenda wapi?" akauliza. Hakuniuliza mimi. Aliuliza tu.

Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Akamgeukia Chausiku, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Chausiku, ulipokuwa nyuma yangu leo, ulisikia harufu yoyote?"

Chausiku aliendelea kusugua. Alisugua mahali pale pale, palipokwisha kung'aa.

"Nilisikia," akasema.

"Harufu ya nini?"

"Ya trekta."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mbele yangu, dada. Nilikuona umenusa, kisha ukachukua. Nikasema kama Mashavu kachukua, mimi nani."

Bi Mashavu akakaa kwenye jiwe la kufulia. "Na mimi niliona walio mbele yangu wamechukua," akasema.

Nikauliza, "Mbele yako walikuwa akina nani, mama?"

Aliwaza. Nilimwona anahesabu kwa midomo bila sauti, na uso wake ukawa unabadilika. "Mhando," akasema. "Kisha galoni ya Selemani, yeye yuko shambani. Kisha ndala. Kisha tofali, kisha mawe..." Akahesabu upya. "Wenyewe hawakuwapo. Yule kijana hakungoja, aliyaruka. Mbele yangu kulikuwa na Mhando na mawe. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pili."

Hapo Chausiku akaangusha sufuria. Mimi nikatazama jua. Lilikuwa limegusa kilima.

Wajukuu zangu, nimeogopa mara nyingi duniani. Nimeogopa mafuriko, nimeogopa kuzaa, nimeogopa siku babu yenu alipopelekwa kupasuliwa. Hofu ya jioni ile sijapata kuiona tena. Kambi nzima ilikuwa na chupa ile ile ya petroli, na petroli mkononi hukauka upesi, kwenye taa hulipuka. Wenye mawe walikuwa wameshatoka kazini, wakapita kwenye pipa, wakachukua na wao. Nyumba za nyasi, paa juu ya paa. Na watu walikuwa wamekaa gizani majuma mengi, kila mmoja ana hamu ya kuwasha mapema, hata kabla ya giza, ili tu auone mwanga. Na ndani ya nyumba yetu alikuwamo Sikudhani na mtoto, wameambiwa wasingoje.

Tukaacha ndoo, tukaacha sufuria, tukakimbia. Njia ya kutoka mtoni ni ya kupanda, na pande zote mbili mkonge umesimama na ncha zake. Zilinichana mikono, zilinichana mapaja, sikusikia maumivu mpaka kesho yake. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, na alikuwa mtu mzima yule, lakini sikumpata.

Tulipotokea juu tuliiona kambi chini yetu. Milangoni wanawake walikuwa wamechuchumaa wanafuta chemni, vile vioo vya taa, kwa vitambaa, wanazitazama zilivyong'aa. Wengine walikuwa wanajaza. Bi Mashavu akasimama, akapaaza sauti yote aliyokuwa nayo.

"Msiwashe! Msiwashe taa!"

Upepo ulikuwa unavuma kutuelekea sisi. Mwanamke mmoja wa mstari wa mwisho akainua kichwa, akaweka mkono sikioni. Kisha akatabasamu. Akajibu kwa furaha, "Tunawasha, mama! Tunawasha!" Na wa mlango wa pili akacheka, akampungia chemni.

Mmeelewa kilichotokea? Ile "msi" ililiwa na upepo. Kilichofika chini kilikuwa "washe". Walidhani mama mkwe wangu anasherehekea nao. Alirudia, wakajibu tena. Nikamwona mwanamke yule anaingia ndani kutafuta kiberiti.

Hapo Bi Mashavu akaacha neno lile, akashika jingine. Akaanza kuteremka huku akilia, "Moto! Jamani, moto! Moto!"

Neno hilo halina cha kuliwa na upepo. Kwenye kambi ya nyasi likitajwa hakuna anayeuliza wapi. Watu wakatoka kwenye nyumba zao kama walivyo, watoto migongoni, taa wamezitupa ndani. Na hawajamaliza kutoka, ukasikika mshindo kutoka mstari wa mbele, mzito, nikausikia kifuani kabla sijausikia masikioni. Nyumba ya nyapara Mhando ilirusha paa lake juu, moto ukatoka mlangoni na dirishani kwa pamoja.

Watu wote wakakimbilia huko. Sisi tukakimbia kinyume chao, tukiwasukuma, maana katika wote waliotoka nje tulimtafuta mmoja na hatukumwona. Sikudhani hakutoka. Angetokaje? Ilikuwa magharibi, na ana mtoto mchanga. Alisikia kelele za moto, alisikia mshindo, alisikia majirani wanakimbia, yeye akabaki peke yake ndani, giza linaingia. Alifanya alichofundishwa tangu utotoni. Ukiogopa giza, washa taa.

Tulifika mlangoni. Harufu ilikuwa imejaa chumba chote, ile ile. Mtoto amelazwa kwenye mkeka. Kandili ilikuwa sakafuni, karibu na mguu wa mtoto, imejazwa, chemni imenyanyuliwa, utambi umelowa unang'aa. Kiberiti alikuwa hana, kwa hiyo alikuwa ameokota kijinga kidogo cha moto kutoka kwenye zile kuni, amekishika mkononi, anakipuliza kipate mwali. Kaa lake lilikuwa linawaka na kufifia kwa kila pumzi yake.

Mimi nilifungua mdomo nipige kelele. Bi Mashavu akanikanyaga mguu, kwa nguvu, mpaka nikameza sauti. Mtu aliyeogopa namna ile ukimpigia kelele anaangusha alichoshika. Na kingeanguka wapi?

Mama mkwe akapumua. Alikuwa ametoka mbio mtoni, nguo zimechanika, damu inamtiririka miguuni. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka nyumba ya pili, asiye na haraka yoyote, "Hodi hapa."

Sikudhani akageuka. "Karibu, mama," akasema, akashangaa, maana mtu hapigi hodi kwake.

"Ahsante. Naomba moto, mwanangu."

Siku zile kiberiti kilikuwa taabu, na moto tuliombana kila siku, nyumba hadi nyumba. Moto haunyimwi. Mtoto wa kike anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kupika: akija mtu kuomba moto, mpe kwanza, maswali baadaye. Sikudhani hakufikiri. Mkono wenyewe ulifikiri. Uliacha kwenda kwenye taa, ukaanza kumwelekea mama yake.

"Zungusha huku, upande wa mlango," Bi Mashavu akasema polepole. "Huko kuna upepo."

Akauzungusha. Mama mkwe alinyoosha kiganja chake, akakipokea kile kijinga, lakini hakukishika upande wa mti. Alikishika upande wa kaa, akalifumba kiganjani, akakaza. Nilisikia sauti yake ndogo, kama ya nyama inapowekwa kwenye kikaango. Uso wake haukubadilika. Akageuka, akatoka nje taratibu, akatembea mpaka kwenye mchanga wa uani, akapiga magoti na kuufukia mkono wake wote.

Kisha akasema bila kugeuka, "Sasa mchukue mtoto, mtoke."

"Mama, magharibi hii? Mtoto hatolewi..."

"Leo anatolewa."

Alipomwona Sikudhani amevuka kizingiti na mtoto kifuani, ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona machozi. Mimi nilichukua kandili na chupa, nikaenda kuvimwaga porini.

Mtoto huyo mnamjua. Ndiye mjomba wenu Semboja anayewaletea machungwa kutoka Muheza, anayecheka mpaka nyumba inatikisika.

Mhando hakupona. Alikuwa amejifungia chumbani ajaze na kuwasha karabai yake, ile taa ya pampu, alitaka kuwashangaza majirani kwa mwanga mkubwa kuliko wa wote. Walimtoa, wakampakia kwenye trekta, akafia njiani kabla ya hospitali. Mapaa mawili yalivutwa chini kwa kamba ili moto usiruke. Mkewe, Mwantumu, alinusurika kwa sababu alitoka aliposikia kelele za mama mkwe wangu.

Sasa tukakaa matangani. Msiba wa nyapara, watu wengi, na kila mmoja ana lake la kusema. Wengine walimlaani yule utingo, na alistahili, ingawa hata leo hakuna ajuaye kama aliuza kwa kujua au na yeye aliuziwa. Lakini utingo hayupo, na mdomo wa mtu lazima upate wa kumtafuna. Yakaanza ya chini chini: Mhando ndiye aliyetutangulia. Mhando ndiye aliyenunua debe zima. Tungemwona anasita, nasi tungesita. Mtu mkubwa huyo, hana pua?

Mwantumu alikuwa ndani na wanawake, amejifunika. Ukuta wa udongo hauzuii neno. Alitoka mpaka mlangoni na eda yake.

"Msimseme vibaya," akasema. "Alisikia. Alinirudia nyumbani kuchukua debe, akaniambia, Mwantumu, mafuta yale yananuka vibaya, naona kama siyachukui. Nikamwambia basi acha. Akaenda mlangoni, akasimama, akaangalia foleni. Ilikuwa imefika korona. Akaniambia, angalia foleni ile yote. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga. Akachukua debe, akaenda."

Mhando alitazama nyuma, akaona watu wamepanga, akajua mafuta ni mazuri. Sisi tulitazama mbele, tukamwona Mhando, tukajua mafuta ni mazuri. Na katikati yake na yetu, na nyuma yetu pia, kulikuwa na mawe, na galoni, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Kila mwenye pua alikuwa amesikia. Kila mmoja alidhani pua ya mwenzake ndiyo inayojua.

Bi Mashavu alikuwa amekaa pembeni, mkono umefungwa kitambaa. Vidole vile havikunyooka tena mpaka tunamzika. Kisha akasema, "Kumbe foleni haina pua."

Hakusema kwa busara wala kwa kufundisha mtu. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichokiona. Lakini watu waliondoka nalo. Wakata mkonge walihama makambi, wakalibeba, na nimelisikia mpaka mjini kwa watu wasioijua hata Mtakuja iko wapi. Wengine wanalisema kwa utani. Mimi siwezi.

Haya, Shani. Si ulikuwa unacheka? Lete hicho kikopo. Hapana, sikitupi, ni chako, umekinunua kwa fedha yako. Shika. Weka simu chini kwanza, ifunike. Kifungue. Kinuse tena, polepole, halafu uniambie unasikia nini wewe, achana na wale maelfu.

Eeh. Ulisema hivyo tangu mwanzo.

Foleni haina pua, mjukuu wangu. Wewe unayo.